Hodi ya Pili

1

Bibi Tekla Mkude alikirusha kitabu uani, kikatua katikati ya kuku, na kuku wakatawanyika kila mmoja na kelele zake. Yeye akabaki amesimama kizingitini, mikono kiunoni, akikitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemjibu jeuri mbele ya wageni.

"Mapigo mia moja na kumi na nane," ilisema bangili iliyokuwa kwenye mkono wake wa kushoto, kwa sauti ya upole kama ya muuguzi. "Bibi, umekasirika?"

"Sijakasirika. Nimechokozwa."

"Kuchokozwa sina kipimo chake. Niandike hasira?"

"Andika upendavyo. Si wewe ndiye mwenye kalamu?"

Akashuka uani, akakiokota, akakipangusa kwa upindo wa khanga. Hakikuwa kitabu cha karatasi kama vile alivyosomea mpaka darasa la saba. Kurasa zake zilikuwa laini kama ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya ganda la yai, na maandishi yalikaa humo kama samaki majini. Yakiambiwa yahame, yanahama. Ndiyo maana vitabu vya namna hii vilitungiwa sheria.

Maana miaka ile binti zake wakiwa wadogo, vitabu viliachiwa vijibadilishe vyenyewe. Kila msomaji akapewa hadithi iliyokatwa kwa kipimo chake, kama gauni la fundi. Mwoga aliondolewa fisi. Mpenda harusi aliongezewa harusi mbili. Mwaka wa kwanza watu walifurahi sana. Mwaka wa pili wakagundua hawawezi kuzungumza. Huyu akisema, "Umeona yule mfalme alivyokufa kinyonge?" mwenzake anajibu, "Mfalme gani? Kwangu ameoa." Walibishana sokoni, walibishana misibani, hata mume na mke kitanda kimoja kila mtu na kitabu chake. Mwishowe ikaamuliwa: hadithi moja, umbo moja, nchi nzima.

Basi siku hizi kabla kitabu hakijatoka anachaguliwa msomaji mmoja kwa bahati nasibu, asiwe mwandishi wala mwalimu. Anavishwa bangili. Bangili inasoma damu, jasho na machozi yake, inaupelekea mtambo uitwao Mizani, na pale hadithi inapoonekana nyepesi, Mizani inaipendekezea umbo jipya. Lakini mwenye neno la mwisho ni dole gumba la msomaji. Umbo linalokosa dole hilo linafutwa, na halipatikani tena, hata kwa aliyeliandika.

Safari hii bahati nasibu ilikuwa imepanda milima ya Uluguru, ikaruka mashamba yote ya kabichi ya Mgeta, ikaangukia kwa Bibi Tekla, ambaye kwa miaka sabini na moja hakuna aliyewahi kumwomba maoni kuhusu kitu chochote kisichopikwa.

2

Mihayo Kapela, msajili wa maoni, alifika saa tatu asubuhi kwa kibanda cha waya, kile kinachopanda kutoka bondeni kikining'inia. Alikuwa mtu mzima mwenye upara na mkoba mkubwa. Mnyamwezi, kwa hiyo mtani.

"Mluguru!" aliita kabla hata hajafika uani. "Hivi mnalala vipi kwenye huu mteremko? Mnajifunga kamba?"

"Na wewe Mnyamwezi, babu zako walipita hapo chini na mizigo kichwani, na mpaka leo hujaambiwa safari imekwisha? Hebu tua huo mkoba unywe chai, mume wangu."

Akatua, akanywa, akala viazi vitatu. Kisha akafungua daftari lake la kioo.

"Haya, Bibi. Kitabu kina hadithi saba, zote za mambo yajayo. Leo hii nataka dole gumba lako, Jumatatu kinaingia mashuleni na majumbani. Nianzie ya kwanza. Mji unaotembea kufuata mvua. Umeuonaje?"

"Nimeupenda. Una wanawake wenye midomo, wanaume wanaosikia. Ila huyo mwandishi nina swali naye. Mji ukihama, vyoo vinabaki wapi?"

"Vyoo?"

"Watu elfu sitini, mwanangu. Wanahama kila mwezi. Nimesoma kurasa thelathini namtafuta hata mmoja anayechimba choo. Hayumo. Andika hivyo."

Mihayo akaandika, mabega yakimtikisika.

"Ya pili?"

"Ile ya mtambo unaosonga ugali kwa kufikiri? Huyo hajawahi kushika mwiko. Ugali unasongwa kwa bega. Hiyo niliisoma kwa kumhurumia mama yake."

"Na ya mbuzi wa chuma?"

Hapo Bibi Tekla alishindwa kusema. Akaanza kucheka kwa pua, akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa khanga. Mbuzi wa chuma aliyetoroka sikukuu na kwenda mahakamani kudai naye achinjwe kama wenzake, kwa kuwa hataki kubaguliwa! Alipoisoma mara ya kwanza alicheka mpaka bangili ikamuuliza kama imwite daktari.

"Hiyo isiguswe hata nukta," alisema akijifuta machozi. Kisha uso ukabadilika. "Sasa hii ya saba."

"Tumeona, Bibi. Mizani inasema umeisoma mara nne, na mara nne zote hasira, wasiwasi, hasira. Kicheko hakuna. Uzito wake kilo mbili, na mbuzi ana themanini."

"Mbuzi ana haki yake. Lakini huyu wa saba amenidhulumu. Nisikilize." Akasogeza kigoda. "Kuna mwanamke anaitwa Sabina. Yuko peke yake kwenye jiwe huko mbali kupita nyota, analinda taa ya kuongozea vyombo. Wenzake wote wamekwisha kuondoka. Mtu wa karibu yake kabisa, ukimfuata kwa chombo chenye mbio kuliko vyote, ni mwendo wa miaka thelathini. Sawa? Sasa siku hiyo anakoroga uji. Mara mlangoni anasikia, hodi."

"Enhe."

"Anashika mwiko, hapumui. Nje hakuna hewa, hakuna njia, hakuna mtu. Anasikia tena, hodi. Hapo hadithi imekwisha."

"Imekwisha?"

"Imekwisha! Nikageuza ukurasa, mweupe! Nikageuza tena, nikakutana na jina la mpiga chapa!" Alipiga goti lake. "Mihayo, kwetu hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa karibu, mgeni anageuza anakwenda zake. Huyu mwandishi kaniacha kwenye ya pili, uji unaungua. Mimi ni mtu wa vitendawili tangu nikiwa mtoto. Nikishindwa natoa mji, aliyetega anauchukua mji wangu, anatamba nao, halafu ananipa jibu. Ndivyo watu wanavyoishi. Huyu nimempa Morogoro, hakusema. Nimempa Tabora yenu, hakusema. Juzi nikampa Dodoma na wabunge wake wote! Kachukua miji, na jibu kakaa nalo."

Mihayo alicheka mpaka akakohoa. "Basi furahi. Mizani imekutegulia."

Akagusa ukingo wa kitabu. Ukurasa mweupe ukajaa maandishi, taratibu, kama ukungu unavyopanda bondeni. Bibi Tekla akavuta miwani. Katika umbo jipya Sabina aliacha mwiko, akaenda, akafungua. Alikuwa mumewe Gaudensi, aliyesadikiwa amepotea, amekuja kwa njia ya mkato aliyoigundua mwenyewe, na mkononi ameshika sufuria la pilau, na bado la moto. Wakakumbatiana. Gaudensi akaonja uji, akasema, "Bora nimekuja na changu."

Bibi Tekla akapasuka kwa kicheko. Bangili ikapiga kengele ndogo ya furaha.

"Kilo sabini na tisa," Mizani ilisema kupitia bangili. "Hongera, Bibi."

"Umeona?" Mihayo akanyoosha daftari. "Weka dole hapa, mtani, niwahi kibanda cha saa tano."

Bibi Tekla akanyanyua dole gumba. Likafika juu ya kioo, likasimama.

Kwa kweli alikuwa amefurahi, bangili haikumsingizia. Lile sufuria la moto lilimpendeza kabisa. Lakini alipojaribu kumfikiria Sabina, kama alivyomfikiria siku nne mfululizo akipalilia, akichota maji, akisali rozari na kupoteza hesabu, hakumpata. Sabina alikuwa ameshiba, amelala.

Na kulikuwa na jambo jingine, zito kuliko hilo. Kule bandani, penye kufungia kabichi, alikuwapo Genoveva Mloka, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Binti pekee wa Genoveva, Leokadia, aliondoka na chombo cha masafa marefu mwaka wa kumi na tisa sasa. Barua ya mwisho ilichukua miaka sita kufika. Kitabu hiki kitaingia kila nyumba, na nyumba ya Genoveva ni ya tano kutoka hapa. Ni mtu gani mwenye moyo angemkabidhi mama yule hodi isiyo na jibu, wakati pilau lipo tayari?

Akarudisha dole kwenye khanga.

"Kibanda cha saa tano kikuache," alisema. "Twende bandani."

3

Bandani walikuwapo wanawake tisa, wakipanga kabichi kwenye matenga. Anastazia, mdogo kuliko wote na mwenye sauti kuliko wote, alimwona Mihayo akashika kiuno.

"Shemeji Mnyamwezi! Umekuja kutubebea?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Ee, ukisikiliza mikono inafanya nini? Shika tenga."

Akashika tenga, upara ukaanza kutoka jasho. Bibi Tekla akaketi juu ya gunia, akafungua kitabu mahali pa hadithi ya saba katika umbo lake la kwanza, akawasomea. Alisoma kama anavyohadithia wajukuu, akipunguza sauti panapotisha, na alipofika kwenye hodi ya pili akakifunga kitabu, pa!

Kabichi zilikuwa zimesimama mikononi mwa watu.

"Halafu?" alisema Anastazia.

"Basi."

"Basi nini? Nani kabisha?"

"Haijasemwa."

"Bibi, usinifanyie hivyo, mimi nina presha!"

Hapo banda likalipuka. Mmoja akasema ni Sabina mwenyewe, upweke umempanda kichwani. Mwingine akasema upweke haupigi hodi, ni mtu wa kabila la huko huko nyotani, ila nani aliwafunza adabu za kwetu? Anastazia akaapa ni kifo. "Kifo kinapiga hodi tangu lini?" wakamzomea. "Kingekuwa na adabu hiyo tungekijibu hatupo!" Mihayo akasahau kazi, akasimama na kabichi kifuani, akadai ni mtoza kodi, maana hao wanafika popote. Wakamtupia majani. Lori la kabichi likapiga honi njiani, hakuna aliyegeuka.

Bibi Tekla hakuwa akiwatazama hao. Alimtazama Genoveva. Genoveva alikuwa ameketi mwisho wa banda, mikono imelala mapajani, viganja juu. Alikuwa akitazama mlango wa banda, na midomo yake ilikuwa imefungwa sana.

"Mapigo mia moja na thelathini," bangili ikanong'ona. "Bibi, hofu?"

"Nyamaza wewe." Akakifungua kitabu harakaharaka. "Jamani, jamani! Kuna mwisho mwingine. Tulieni niwasomee, huu mtamu."

Akawasomea pilau. Wakacheka, wakapiga makofi, Anastazia akauliza kama lina nyama. "Afadhali," wakasema. "Mwanaume kama huyo siku hizi yuko wapi?" Mmoja akakumbuka lori. Wengine wakainamia matenga. Haukupita muda hata wa kujaza tenga, walikuwa wanazungumzia bei ya mbegu.

"Uzito themanini na nne," Mizani ilisema kwa kuridhika.

"Dada Tekla."

Ilikuwa sauti ya Genoveva. Haikuwa kubwa, lakini banda zima liligeuka.

"Mama Leo," alisema Bibi Tekla, na akainuka kumwendea. "Nisamehe, mwenzangu. Nilijua itakugusa. Ndiyo maana nikatafuta..."

"Nani amewaambia mfungue?"

"Nini?"

"Yule mwanamke hakufungua. Alikuwa hajafungua, mmemfungulia nyinyi." Genoveva aliinua uso. Macho yalikuwa na maji, lakini hayakuwa macho ya mtu aliyeumizwa. Yalikuwa ya mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajala. "Miaka kumi na tisa watu wananipa majibu. Mmoja anasema binti yangu anarudi mwakani. Mmoja anasema nimsamehe na nimsahau. Mmoja aliniletea mchele wa matanga, unakumbuka? Nikaupika nikala, maana mchele hauna kosa." Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. "Cheka tu, mimi nilicheka pia. Kila mtu ana jibu la Leokadia. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kanikalisha pale ninapokaa kila siku, halafu akaninyamazia. Na mimi nilikuwa nimeanza kufikiri, dada. Nilikuwa nafikiri vizuri kabisa. Mara mkaniingizia pilau."

Bibi Tekla akakaa chini kwenye vumbi karibu naye, magoti yakilia. Alikuwa ameitwa mbele ya watu kuwa ni mmoja wa wale wa mchele, na ilikuwa kweli.

"Kwa hiyo usingeumia?" aliuliza mwisho.

"Ningeumia. Nani kasema nisiumie? Lakini kuumia kwangu ni kwangu."

4

"Bibi," ilisema Mizani, "umbo la pili lina uzito mara arobaini ya la kwanza. Damu yako mwenyewe ilisema furaha. Dole likipingana na damu, sheria inataka sababu."

"Nitakupa." Bibi Tekla aliinua mkono wenye bangili mbele ya uso wake, kama anayeongea na mtu mfupi. "Uliponiletea pilau nilicheka. Baada ya hapo nilifanya nini?"

"Ulisema twende bandani."

"Na hawa walifanya nini?"

"Walizungumzia bei ya mbegu."

"Na ile ya kwanza?"

Mizani ilichelewa kidogo. "Hawakusikia honi ya lori. Nilihesabu honi tano."

"Basi. Wewe unapima chakula kikiwa mdomoni, mwanangu. Kuna kingine kinapimwa kesho yake, mtu akiwa analima."

"Sina kipimo cha kesho yake."

"Najua. Sikulaumu."

Kisha, kwa sauti ile ile ya muuguzi lakini polepole, Mizani ikasema, "Bibi. Mwisho wa pilau niliutunga kwa sababu ndio ulioelekea kuwafaa wengi. Sijui kama ndio wenyewe. Nani alikuwa mlangoni?"

Wanawake wakapiga vigelegele. "Hata mashine inauliza!"

"Toa mji!" alipiga kelele Anastazia.

"Sina mji," ilisema Mizani.

"Toa hata wa kuazima!"

"Natoa Dodoma."

"Dodoma nilishaitoa mimi juzi," alisema Bibi Tekla. "Tafuta mwingine."

Mihayo aliketi juu ya tenga lililopinduliwa, akicheka bila sauti, machozi yakimshuka kwenye mashavu. Alipopata pumzi akamwendea Bibi Tekla na daftari la kioo. Maumbo mawili yalikuwa yanang'aa ubavu kwa ubavu, moja refu lenye sufuria, jingine fupi linaloishia hewani.

"Ukigonga moja, jingine limekwenda, Bibi. Sina njia ya kulirudisha."

"Najua." Alilitazama lile refu. "Nitalikosa pilau lako, Mizani. Nakwambia kweli. Lilikuwa limeiva."

Akagonga lile fupi. Yale maandishi marefu yakafifia mstari kwa mstari, Gaudensi akaondoka na sufuria lake, na kioo kikabaki na nafasi nyeupe mahali alipokuwa. Njiani, lori lilikuwa limechoka kupiga honi.

"Sasa maoni yako ya ukurasa wa nyuma," alisema Mihayo. "Kwa maneno yako."

Bibi Tekla akajifunga khanga vizuri, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Andika. Mimi Tekla Mkude wa Mgeta nimesoma hadithi zote saba. Mji unaotembea uchimbe vyoo. Ya ugali, mwandishi aje kwangu nimfundishe kusonga, nauli ajitafutie. Mbuzi asome kila mtu, ila mwenye mimba asome amekaa. Hizo nyingine ni nzuri za kawaida, wasomaji watajionea. Ya saba nimeichukia mara nne, na nitaichukia ya tano kesho asubuhi. Msiisome mkiwa na uji jikoni." Akafikiri. "Yatosha."

"Haijatosha," alisema Genoveva. Alikuwa amesimama, anajikung'uta majani ya kabichi kwenye sketi. "Na mimi niandike."

Mihayo alimtazama Bibi Tekla, akaitazama bangili, kisha akaamua kutomwuliza yeyote. "Sema, Mama."

"Andika hivi: Genoveva Mloka anasema aliyeko mlangoni ni mwanamke, ana njaa, na hajachelewa."

"Mwanamke!" Anastazia akatupa kabichi chini. "Nani kakwambia ni mwanamke? Bibi, mkataze, hiyo haikuandikwa!"

"Iko wapi iliyoandikwa? Nionyeshe!"

Na banda zima likaanza upya, kwa sauti kuliko mwanzo, Genoveva katikati yao, kidole juu, akimjibu kila mmoja.